Kitanda Anachotozwa Maman

Kadutu, Bukavu, tarehe 4 Mei 2025

Fabien mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, na Feza, na mtoto Josué, kwa niaba ya wote waliobaki hapa nyumbani. Sisi tunapumua. Mvua ya mwezi wa nne imekula nusu ya njia yetu ya kupanda kutoka sokoni, na sasa tunapita nyuma ya choo cha jirani, Papa Mushagalusa, ambaye anatukagua kila asubuhi kama mtu anayelinda mpaka. Aimée wangu anajiandaa kwa examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, analala na daftari usoni. Benoît mume wangu anakusalimu pia, mgongo wake ni ule ule.

Utauliza kwa nini barua na siyo simu. Kwa simu, nikianza kusema neno la maana unaniambia réseau ni mbaya, halafu unapotea siku kumi. Barua huwezi kuikata. Mardochée, yule muuzaji wa vitenge wa hapa chini, anavuka mto Ruzizi kila wiki kwenda Kamembe, upande wa Rwanda. Atazituma barua zangu kutoka huko, na wewe jibu kwa sanduku lake la posta.

Neno lenyewe ni hili. Unajua kwamba Maman alianguka mwezi wa tatu, akavunjika nyonga, akapasuliwa. Usichojua ni kwamba amepona. Tarehe 22 Aprili daktari alimwambia arudi nyumbani, na hadi leo hajarudi, kwa sababu hospitali imemzuia. Hatujalipa facture ya matibabu, kwa hiyo wamemhamishia chumba cha nyuma pamoja na wanawake wengine ambao hawajalipa, na sentinelle, mlinzi wa mlangoni mwenye bunduki, ana amri asimpitishe bila bon de sortie, karatasi ya kutokea. Na kile kitanda wanachomfungia, wanakitoza kila siku. Soma tena hapo, Fabien. Wanamzuia kwa sababu ya deni, na kila siku wanayomzuia deni linaongezeka.

Usiniulize mutuelle iko wapi. Unajua jinsi mutuelle yetu ya afya ilivyokuwa: mwezi wa kwanza kila nyumba inatoa mchango kwa kila kichwa, ukiugua unaonyesha kadi, unalipa sehemu ndogo na mutuelle inalipa iliyobaki. Miaka tisa nimepita mlango kwa mlango kwenye avenue yetu nikibembeleza watu wachange wakiwa wazima, na wao wakinifukuza eti ninawatabiria ugonjwa. Sasa benki zote zimefungwa tangu wapiganaji walipouchukua mji mwezi wa pili, mchango wetu umelala ndani ya benki, na hospitali inasema haitaki kadi, inataka pesa mkononi. Majirani niliowaandikisha wananipita bila salamu.

Wewe unatuambia kila mara kwamba huko Australia hakuna anayelipa hospitali. Nieleze vizuri inakuwaje. Halafu nieleze unatuma nini, na lini.

Dada yako,
Colombe


Adelaide, tarehe 1 Juni 2025

Yaya Colombe, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Shemeji Benoît, na umwambie Aimée kwamba sala zetu zinamfuata kwenye examen. Huku baridi imeanza. Josué ametimiza miaka mitano na anakataa kuongea Kiswahili mbele ya wenzake, lakini akikasirika anakasirika kwa Kiswahili. Feza anasomea kazi ya kutunza wazee. Mimi bado ninasafisha hospitali, zamu ya asubuhi. Cherehani yako inaendeleaje? Zamani hukumaliza barua bila kunitajia nguo ya harusi ya mtu.

Habari ya Maman imenichoma. Sikujua.

Umeniuliza jinsi mambo ya huku yalivyo, nami nitakueleza polepole. Kila mtu anayefanya kazi anakatwa kodi, na ndani ya kodi kuna sehemu inayoitwa ya afya, kama franka mbili katika kila mia. Mwenye mshahara mdogo sana hakatwi. Pesa hiyo, pamoja na kodi nyingine, inalipia hospitali za serikali. Kila mwenye haki ya kuishi hapa anapewa kadi ya kijani inayoitwa Medicare. Ukiumia, unaingia, unatibiwa, unatoka. Aliyekatwa nyingi na asiyekatwa chochote wanalala chumba kimoja.

Lakini juu ya hiyo kuna bima nyingine, ya kampuni, na anayetaka ananunua. Serikali yenyewe inawasukuma wenye mishahara mikubwa wainunue, na asiyenunua anaongezewa kodi. Kazi yake ni hivi: kama ugonjwa hauui, mfano goti au mtoto wa jicho, kwa kadi ya kijani unaandikwa kwenye foleni na unaweza kungoja mwaka mzima. Mwenye bima ya pili anakwenda hospitali ya binafsi na anapasuliwa mwezi huo huo. Meno na miwani, kadi ya kijani haikusaidii kama wewe ni mtu mzima. Hapa kuna daktari mmoja ninayemfahamu kwa viatu vyake, maana mimi huangalia sakafu: asubuhi anapasua watu wa foleni kwetu, alasiri anavuka barabara kupasua wale wa bima.

Mimi pia ninayo hiyo ya pili. Ndiyo maana mwezi huu nimebanwa kidogo. Nitakachopata nitatuma, nivumilie. Msalimie Maman, mwambie ninamkumbuka.

Mdogo wako,
Fabien


Kadutu, tarehe 29 Juni 2025

Fabien,

Tumepokea salamu zako. Aimée amemaliza examen, tunangoja matokeo. Nyumbani hakuna mgonjwa mpya, tunamshukuru Mungu, kwa sababu yule wa zamani anatutosha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa wivu, na ya tatu hasira ilinipanda nikaenda kufua blanketi ambazo hazikuwa chafu.

Kwanza hiyo kodi. Hapa pia tunalipa kodi. Mama anayeuza fungu la sombe, majani ya muhogo, kwenye soko la Kadutu analipa taxe kila siku, anapewa tiketi ndogo, na asipoionyesha jioni analipa tena. Watawala waliokuwepo walichukua, waliopo wanachukua, na kesho wakija wengine watakuta meza za soko ziko palepale. Sijawahi kumwona hata mama mmoja akiingia hospitali akaonyesha hizo tiketi akatibiwa. Kwa hiyo usinieleze kama vile watu wa huko wamevumbua kitu kigumu. Wanachukua pesa ya wote na wanaiweka kwa wagonjwa, basi. Sisi wanawake wa avenue moja tuliweza kufanya hivyo kwa miaka tisa, kwa daftari na muhuri, bila serikali.

Pili, hiyo bima yako ya pili. Umeniambia mwenyewe kwamba ukiumia unaingia, unatibiwa, unatoka. Sasa unanunua nini? Una matumbo mawili? Unalipa kila mwezi ili usingoje foleni ya ugonjwa ambao huna, na Maman anangoja kwenye kitanda cha afya ambayo anayo. Unailipa kampuni kukutoa kwenye foleni kabla ya wenzako, nasi huku tunakosa wa kumtoa mama yako mlangoni. Na hukuniambia hata neno moja ni kwa nini uliinunua. Umesema tu kwamba unayo, kama mtu anayesema ana kikohozi.

Nikueleze alivyo. Wako tisa katika kile chumba. Kuna msichana aliyejifungua kwa kupasuliwa, mtoto wake ameota meno mawili humo ndani. Wanaitwa insolvables, wasioweza kulipa, hata mbele yao. Manesi wanapita na dawa na hawaingii. Chakula tunapeleka sisi, ninateremka na kupanda na bakuli kila siku. Maman anasuka vikapu na kuwagawia wageni wa wenzake. Kila nikifika ananiuliza kama Fabien ameandika, na mimi ninamsomea salamu tu, mengine ninayaruka.

Juzi nilimwendea gestionnaire, msimamizi wa hospitali, Monsieur Patrice, nikamwomba asimamishe angalau pesa ya kitanda tangu siku ya kupona. Aliniambia kwamba hoteli nayo inatoza kila siku. Aliyasema hayo akitabasamu, na mimi nilimshukuru. Fabien, nilimshukuru! Nimerudi nyumbani nikijichukia.

Usinitumie tena masomo. Andika unachofanya.

Colombe


Adelaide, tarehe 14 Septemba 2025

Yaya wangu Colombe,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Sisi tunaendelea vizuri sasa. Feza amefaulu masomo yake na ataanza kazi mwezi ujao. Nimefurahi sana Aimée amepata diploma, Mardochée alinitumia ujumbe. Kuhusu cherehani nilikuuliza na hukunijibu, basi nimeelewa imekwenda wapi.

Barua yako ilifika mwisho wa mwezi wa saba na nilikaa nayo bila kujibu. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kuna sababu nyingine ya kunyamaza. Katikati ya mwezi wa nane niliinua pipa la nguo kazini, nikaanguka. Ilikuwa hernia, yaani ngiri, nayo ilikuwa imejibana, na walinipasua siku ileile. Sikutaka Maman ajue, akiwa pale alipo.

Nikiwa bado na maumivu, alikuja mama mmoja mwenye karatasi, akaniuliza kwa upole kama nina bima ya binafsi na kama ninataka kuitumia. Yaya, wewe unajua swali hilo kwetu lina maana gani. Ni swali la mlangoni: nani atalipa? Niliitikia haraka nikasaini bila kusoma. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiuliza tu kama hospitali inaweza kuidai kampuni, na kama ningesema hapana ningetibiwa vilevile. Mzee wa kitanda cha pili hakuwa na bima nyingine zaidi ya kadi ya kijani. Tulipata daktari mmoja, supu moja, dirisha moja.

Siku ya tatu, asubuhi, daktari aliniambia ninaweza kwenda nyumbani. Nilivaa nguo, nikatandika kitanda, nikaweka kadi zangu zote mbili magotini, nikakaa. Chakula cha mchana kilipita, nikakaa. Feza alipiga simu, nikamwambia bado hawajaniruhusu. Karibu na saa kumi na moja jioni nesi aliingia akashangaa, akaniuliza kwa nini sijaondoka. Nikamjibu kwamba ninangoja facture na karatasi ya kutokea. Hakuelewa. Nilimweleza tena, na Kiingereza kikanipotea. Mwishoni aliketi kando yangu akasema hakuna facture, hakuna karatasi, hakuna mtu aliyekuwa ananizuia. Tangu asubuhi, akasema, mlango ulikuwa wazi. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima, naye akafikiri kidonda kinauma.

Sasa nitajibu ulichoniuliza. Papa alipokufa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walizuia maiti yake morgue, chumba cha maiti, siku kumi na moja kwa deni la hospitali, na mimi ndiye niliyezunguka mji, Bagira hadi Nguba, na orodha ya kuomba michango, na kila jioni nilikuta Maman ameketi kwenye benchi nje, ameweka mikono magotini. Sijawahi kulitaja hilo, wala wewe. Nilipofika huku, mwezi wa kwanza, muuzaji wa bima dukani aliniuliza ninaogopa nini. Aliyejibu hakuwa mimi wa Adelaide, alikuwa yule wa morgue. Miaka sita nimelipa ili nisizuiwe, mahali ambapo hawazuii mtu. Na pesa hiyo ingeweza kuwatoa watu wangapi hapo kwenu?

Najua haiko rahisi namna hiyo. Goti langu linaanza kusumbua na siku moja nitaingia kwenye foleni nyuma ya watu wengi, nitangoja, nitalalamika. Acha iwe hivyo. Bima ya pili nimeikata Jumatatu iliyopita. Nimekusanya na akiba ya Feza, nimetuma kwa jina lako, utachukua Kamembe, namba iko nyuma ya ukurasa huu. Haifikii facture nzima, inafika kama nusu yake. Iliyobaki nitatafuta.

Mdogo wako,
Fabien


Kadutu, tarehe 19 Oktoba 2025

Fabien, mwana wa Maman,

Pole kwa ugonjwa. Pole, na aibu kwako kwa kuuficha, na aibu kwangu kwa niliyokuandikia kuhusu matumbo mawili wakati tumbo lako moja lilikuwa linakaribia kupasuka. Feza nampongeza. Aimée anataka kusoma sheria, na baada ya utakayoyasoma hapa chini sidhani kuna wa kumzuia. Cherehani usiniulize.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 9. Ijumaa nilivuka nikachukua pesa, na jioni nikapita hospitali kumwambia Maman kwamba tuna nusu, na kwamba Jumatatu nitakwenda kuzungumza na Monsieur Patrice kuhusu nusu nyingine. Aliniomba nimsomee barua. Nilitaka kuruka kama kawaida, akaniwekea kidole kwenye karatasi, akasema leo soma yote. Nikasoma yote, na wale wanawake wanane wakisikiliza. Nilipofika kwenye siku yako ya kukaa kitandani mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Maman aliniomba sehemu hiyo mara ya pili. Halafu aliuliza swali moja, kama ile nusu iliyobaki ni ya kupasuliwa au ya kitanda. Nikamwambia ni ya kitanda. Akajilaza, nami nikaenda nikidhani amechoka.

Jumatatu nilifika saa tatu nikamkuta mlangoni. Amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba, fimbo mkononi, kifurushi kichwani. Jumatatu ni siku ya consultation, wagonjwa wa nje wanapoonwa na daktari, ua ulikuwa umejaa watu. Sentinelle, kijana wa mtaani ambaye amekula chakula chetu mara nyingi, alikuwa anamsihi kwa sauti ya chini arudi ndani, anamwita maman, anamwambia atafukuzwa kazi. Maman hakumsukuma wala hakugombana naye. Alisema tu:

"Mwanangu, fanya kazi yako. Kama munataka kunifunga, munifunge hapa kwa mulango, batu banione."

Akaketi chini, katikati ya njia, na ile nyonga yake. Mimi nilisimama nikiona haya, nikuambie ukweli, nikitafuta jinsi ya kumfunika. Kisha yule msichana wa mtoto mwenye meno akatoka akaketi kando yake. Halafu wengine, mmoja mmoja, na vifurushi vyao, hadi wote tisa. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Waliokuja kutibiwa walilazimika kupita katikati yao, na kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeuliza Maman alimjibu kwa heshima: nimepona tangu mwezi wa nne, wananitoza kulala. Majirani zangu wa mutuelle walikuwepo pia. Walinitazama mimi, wakamtazama yeye, na wawili wakaketi.

Monsieur Patrice alishuka karibu na saa sita. Alianza na lugha ya hoteli. Maman akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia katika hoteli mgeni akitaka kuondoka hakuna mwenye bunduki mlangoni. Watu walicheka, na safari hii mimi sikumshukuru. Nilimwonyesha pesa yako, nikasema mbele ya wote: hii hapa ya kupasuliwa, yote, ihesabu, na ya kitanda baada ya kupona hatulipi, wala hawa wanane hawalipi. Alipanda ofisini, akapiga simu, akashuka, akapanda tena. Saa tisa alileta karatasi. Siku za baada ya kupona wamezifuta kwa wote tisa. Waliobaki na deni la matibabu wamesaini watalipa kidogo kidogo, na wameiachia hospitali kadi zao za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyao, kama dhamana. Hilo bado linanikera, na wiki ijayo ninarudi huko na daftari langu la mutuelle na wale wanawake nyuma yangu.

Maman alipanda Kadutu kwa miguu. Alikataa moto, ile pikipiki ya abiria. Papa Mushagalusa mwenyewe alimpisha njiani.

Kuhusu bima yako, kata au rudisha, ni goti lako, sitakuhukumu tena. Maman yuko hapa kando yangu na anataka niandike haya kama anavyoyasema, nisibadilishe neno:

"Fabien, mutoto yangu. Wakati Papa yako alikuwa kule morgue, mie nilikaa inje kwa benchi siku kumi na moja, nilinyamaza, nilizania ni heshima. Na wewe ulikuwa unaniangaliaka kila mangaribi. Ile siku ulivaa nguo ukakaa kwa kitanda kungojea batu bakuachilie, ni mie nilikufundisha vile. Sasa nakufundisha ingine."

Dada yako,
Colombe